Toyota IST yangu ya otomatiki hapa Tanga: mwaka mmoja na miezi miwili

Kila asubuhi nikiwasha gari, mwanamke wa Kijapani ananisalimu kabla ya mume wangu. Wiki za mwanzo nilidhani ananionya jambo, nikawa nazima na kuwasha upya. Baadaye fundi akaniambia kuwa ni kile kifaa cha kulipia barabara za kwao Japani, kinalalamika hakina kadi. Nimemwacha aendelee. Nimeshamzoea.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mikanjuni na nafundisha upande wa Pongwe. Nilijifunza udereva nikiwa na miaka 41, kwenye Corolla ya manyuali ya shule ya udereva ambayo klachi yake ilishachoka kufundisha watu. Siku moja nilizimisha gari mara tatu pale Mabanda ya Papa mbele ya daladala ileile, mpaka konda akashuka kuniuliza kama nataka kusukumwa. Leseni nilipata. Ila nilijua moyoni kwamba gari la kunitoa nyumbani saa 12 asubuhi, na baiskeli zote zile za Tanga barabarani, halitakuwa la klachi.

Mume wangu ameendesha Canter miaka 17. Nilipomwambia nataka otomatiki alisema hiyo ni sawa na kula ugali uliokatiwa matonge. Nikamjibu kuwa njaa ni yangu.

Pesa yangu ilikuwa milioni 10, sehemu mkopo wa SACCOS, sehemu ya kikoba. Kuagiza nilifikiria, nikaingia kwenye kikokotoo cha TRA usiku mmoja na kutoka nimekata tamaa. Gari likishakuwa la zamani linaongezewa ushuru wa uchakavu, na lile ambalo si la zamani bei yake kulekule Japani si ya mwalimu. Kwa hiyo nikaanza kutafuta lililotumika hapahapa, namba D, yaani herufi zake za usajili zinaanzia na D.

Waliobaki kwenye orodha walikuwa watatu: Passo, Vitz na IST. Passo sikukaa nayo sana. Ni nzuri kwa mafuta, lakini niliijaribu ya mwalimu mwenzangu tukiwa watu wazima wanne pamoja na katoni mbili za madaftari, na kila kilima kidogo baada ya Pongwe ilikuwa inaomba msamaha. Vitz ndiyo niliyoitaka kwa macho, ile ya toleo la pili iliyoanza kutoka 2005. Fundi wangu wa Gofu, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, akanizuia. Alisema nyingi za toleo lile zina gia za CVT, zile za mkanda zisizo na hatua. Si mbovu, ila zina oili yake, na wenye magari wengi huku wakiona oili imepungua wanamimina yoyote ya otomatiki wanayouziwa dukani. "Mwalimu," akaniambia, "ubaya wa CVT si CVT. Ni mtu aliyekuwa nayo kabla yako." IST ya toleo la kwanza, zile za 2002 hadi 2007, ina gia nne za kawaida. Injini yake ya 1,298 cc inatumia cheni badala ya ule mkanda wa injini wa kubadilisha kila baada ya maelfu ya kilomita, na spea zake zinapatikana Tanga hii bila kutuma mtu Kariakoo. Ipo pia ya 1.5, lakini kwa safari zangu sikuona sababu.

Sasa hapa kwenye kulikagua gari ndipo nataka kukaa, kwa sababu ndipo nilipojifunza mambo ambayo shule ya udereva haikunigusia hata siku moja.

Gari la manyuali likiwa bovu linakwambia. Klachi inateleza, gia zinakwaruza, hata mgeni anasikia. Otomatiki inaficha ubovu wake, hasa ikiwa imepata moto. Dalali wa kwanza alinikaribisha kwenye IST ya fedha inayong'aa, injini tayari inanguruma. "Dada yangu, ingia tu, hii haina kazi." Nikaingia, nikazunguka nayo Chumbageni, laini kama sahani ya mafuta. Nikampigia fundi simu kwa furaha. Swali lake lilikuwa moja: uliikuta imewashwa? Akaniagiza nirudi kesho yake alfajiri, niguse boneti kwanza, na likiwa la moto niondoke. Nikaenda. Lilikuwa la baridi, bado dalali hajafika. Mwenyewe alipowasha na mimi nikaweka D, ya kwenda mbele, huku nimekanyaga breki, nilihesabu mpaka nne kabla gia haijashika, kisha gari likaruka kama limepigwa teke. R, ya kurudi nyuma, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Jana yake, likiwa la moto, hayo yote hayakuwepo.

La pili lilikuwa na gia nzuri, lakini fundi alilala chini na tochi akatoka na kipande cha kutu mkononi. Lilikaa miaka karibu na bahari, Raskazone, likapigwa rangi mpya juu, chini likaachwa liliwe na chumvi. Ukiwa Tanga usinunue gari bila mtu kuingia uvunguni.

La tatu ndilo langu. La mwaka 2004, rangi ya bluu iliyopauka, kilomita 148,000 kwenye mita, mali ya mama mstaafu wa Donge. Asubuhi, likiwa la baridi, D ilishika kabla sijamaliza kuhesabu moja. Tukaenda nalo hadi Kange na kurudi, kisha fundi akaliacha linaunguruma kwenye P, ya kuegesha, akachomoa kijiti cha oili ya gia, akapangusa kwenye karatasi nyeupe. Ilikuwa nyekundu iliyofifia, haina harufu ya kuungua. Alinisogezea puani ninuse mwenyewe. Hapo ndipo nilipojua kwamba kijiti hicho kinasomwa gari likiwa la moto na linanguruma, tofauti na kile cha oili ya injini ambacho unasoma limezimwa. Namba ya gari tukaiingiza kwenye mfumo wa faini za trafiki, ikatoka na faini mbili za 30,000, na deni la maegesho ya TARURA la kucheka tu. Mama akalipa palepale kabla hatujaandikiana. Nikatoa milioni 9 na laki 2.

Sasa kuendesha.

Hatari ya kwanza ilikuwa mguu wangu wa kushoto. Ulikuwa umefundishwa klachi, na klachi unaikanyaga mpaka chini. Wiki ya kwanza, Barabara ya Kumi na Tatu, mtoto wa baiskeli alikatiza, mguu wa kushoto ukaenda wenyewe kutafuta klachi ukakuta breki. Gari lilisimama kama limegonga ukuta. Bodaboda wa nyuma alinipita pembeni akinitaja kwa majina ambayo siyaandiki. Siku hiyohiyo nilianza kuvua ndala ya kushoto na kuurudisha mguu nyuma chini ya kiti. Niliendesha hivyo mwezi mzima, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, hadi ukasahau klachi.

Jambo jingine ni kwamba likiwa kwenye D au R, ukiachia breki linatembea lenyewe, polepole. Ukilijua ni raha, hasa kwenye foleni ya asubuhi na wakati wa kuegesha. Usipolijua, unasimama kwenye zebra ya shule, unageuka kuchukua mkoba, mguu unalegea, na gari linawafuata watoto. Mimi nikisimama zaidi ya dakika naweka N, gia huru, na kuvuta hendibreki.

Halafu kuna kile kitufe. Pembeni ya mkono wa gia kuna kitufe kidogo kimeandikwa O/D. Siku ya pili nilikibonyeza bila kujua, kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano: O/D OFF. Nilidhani ni taarifa tu, kama ile ya mwanamke wa Kijapani. Wiki tatu nikaenda Pongwe na kurudi, injini inalia kama mashine ya kusaga kila nikifika 80, na mafuta yanakwisha kwa kasi ambayo ilinifanya nianze kumshuku mtu wa kituo. Niliandika kwenye daftari: kilomita 10 kwa lita. Nikaenda gereji kulalamika kwamba nimeuziwa gari linalokula mafuta. Fundi aliketi kitini, akabonyeza kitufe mara moja, taa ikazima. Kumbe nilikuwa nimeifungia gari gia ya nne. Tangu siku hiyo napata 13, wakati mwingine 14 nikienda Muheza bila haraka. Kwa bei za mafuta za EWURA zinazobadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hizo kilomita tatu ni pesa ya mboga.

Mteremko nilijifunzia Lushoto. Tulienda msibani mwezi wa Agosti, kupanda kutoka Mombo hakukuwa na shida, polepole lakini bila kutetemeka. Kushuka nilibaki kwenye D na kukanyaga breki kila kona, na kona za njia ile hazihesabiki. Karibu na Soni nikasikia harufu kama ya mpira unaoungua. Nikaegesha, magurudumu ya mbele hayagusiki kwa moto. Kijana aliyekuwa anauza peasi kando ya barabara alinitazama kama mtu aliyeona wengi wa aina yangu. "Mama, weka mbili," akasema. Nikapumzisha breki nusu saa, nikanunua peasi zake, nikashusha mkono wa gia kwenye 2, na injini yenyewe ikawa inalishikilia gari mpaka bondeni. Mume wangu alikuwa pembeni, akasema na yeye angenishauri hivyohivyo. Hakuwa amesema.

Huyuhuyu mume ndiye anayenifanya nilaumu muundo wa dashibodi. Mita ya mwendo kwenye IST hii iko katikati badala ya mbele ya dereva, kwa hiyo abiria anaiona vizuri kuliko mimi. "Hamsini na tano hiyo, kibao kinasema hamsini." Kwenye vijiji vya barabara ya Segera ananisaidia nisipigwe tochi, nakiri. Mjini anachosha.

Malalamiko mengine. Nguzo za nyuma ni nene na kioo cha nyuma ni kidogo, kurudi nyuma sokoni Ngamiani kunataka mtu ashuke aangalie. Bampa ya mbele inakwaruza kwenye matuta yale waliyojijengea watu mitaani. Redio ya Kijapani inaishia 90, hivyo stesheni nyingi za kwetu haishiki. Nililipia kifaa kidogo cha kuongeza masafa, kinafanya kazi kwa kubembeleza. Na saiti mira za IST zinapendwa na wezi kwa sababu zinauzika haraka. Wiki ileile niliponunua nilichonga namba ya gari kwenye vioo vyote na taa, na wewe ufanye hivyo kabla ya kununua hata zulia.

Betri ilinifia mara moja, uwanjani pale shuleni. Darasa la saba zima likajitolea kusukuma, wamefurahi kukosa hisabati, wakanisukuma kutoka bendera hadi lango na gari halijakohoa. Mlinzi ndiye aliyetuambia, huku amejishika mbavu, kwamba otomatiki haiwashwi kwa kusukuma. Sasa natembea na nyaya za kuchangia chaji kwenye buti.

Matengenezo kwa miezi 14: bushi za mbele, plagi, betri hiyo, na oili ya gia niliyoibadilisha mapema kwa kuwa sikujua mama wa Donge aliiweka lini. Fundi aliniagiza ile ya T-IV na kusimama dukani mpaka niione imeandikwa kwenye kopo. Gia yenyewe haijanidai kitu.

Ningelinunua tena? Ndiyo, hilohilo, kwa mtu kama mimi anayeanza ukubwani na kuendesha mjini na vijiji vya jirani. Kama kazi yako ni kubeba mizigo au njia yako ni ya mashimo na tope hadi magotini, tafuta kitu kilichoinuka zaidi. Na kama unajifunza sasa, jifunze kwa manyuali hata ukijua utanunua otomatiki. Siku ya kuombwa uendeshe gari la mtu mgonjwa hutachagua.

Jumamosi iliyopita nilitoka kwenda sokoni nikakuta kiti cha dereva kimesogezwa nyuma hadi mwisho, na kwenye dashibodi ile taa ya njano inawaka. Mzee wa Canter alikuwa barazani anakunywa chai, hajui lolote.