Jiko letu la mtiki, baada ya Idi mbili

Sinia letu kubwa la biriani lina upana wa sentimita 62. Nimelipima kwa futi kamba, ila nimelipima kwa kuchelewa: fundi alikuwa ameshamaliza kujenga ubao wa kupitishia chakula, kina chake sentimita 30, na wifi yangu ameshaliegesha sinia hapo siku ya Idi, nalo likalala upande kama ngalawa inayoingiwa na maji. Biriani haikumwagika yote. Viazi viwili na paja moja la kuku viliangukia kwenye kochi jipya la rangi ya haradali, lile lile nililokuwa nimewakataza watoto wasilikalie na juisi.

Picha za kompyuta alizotutengenezea msanifu wa jiko letu jipya hazionyeshi mambo kama hayo, nasi tulizilipia picha hizo shilingi laki tisa.

Nyumba yetu ipo Raskazone, Tanga. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 50, wakati mkonge unalipa na mameneja wa mashamba wanajengewa nyumba karibu na bahari. Baba mkwe aliinunua miaka ya 80. Ina sakafu ya terazo, madirisha ya vioo vya kupandana, na barazani ukuta wa matofali ya matundu yanayopitisha upepo. Yaani vitu ambavyo leo watu wanavitafuta kwa gharama, wakiviita mtindo wa katikati ya karne ya 20, sisi tulivikuta. Kasoro ilikuwa jikoni tu. Jiko lilikuwa nyuma kabisa, giza, mlango wake unatazama vyumba vya watumishi, na kati yake na sebule kuna stoo na kijikorido. Aliyeichora nyumba ile hakutaka mpishi aonekane. Kwa zaidi ya miaka 30 Mama, yaani mama mkwe wangu, alipika vyakula vya sikukuu humo peke yake, anasikia wageni wanacheka huko mbele, anamuuliza mtoto aliyefuata maji, "Wamesema nini?"

Kwa hiyo niliposema nataka jiko la mtindo ule wa miaka ya 50 na 60, sikuwa nazungumzia rangi wala miguu ya kabati. Nilitaka Mama asikie mazungumzo.

Msanifu tulimpata mtandaoni, yupo Dar. Simtaji jina. Kazi yake ina uzuri wake na ina matatizo yake. Picha zilipofika nilizipenda mno: ukuta wote umevunjwa, kaunta kubwa katikati, taa tatu zinaning'inia, bakuli la ndimu. Nikamwonyesha fundi ujenzi wetu, mzee wa Chumbageni. Hakusema kitu. Akaenda ukutani, akaugonga na kishikio cha nyundo kuanzia chini hadi juu, akasema, "Mama, huu umebeba boriti. Ukiuvunja wote, utalala na paa." Tukamleta mhandisi, akathibitisha. Tukakubaliana uwazi wa mita 2.4, linta mpya ya zege juu, na chini ukuta ubaki hadi kiunoni. Hiyo nusu ya ukuta ndiyo iliyobeba ubao wa kupitishia chakula.

Leo namshukuru mzee yule. Jiko lililo wazi lote ni zuri kwa watu wanaopasha chakula. Ukikaanga dagaa, ukiunga bamia, ukichoma vitunguu vya biriani kilo tatu, mapazia ya sebuleni yatakueleza hadi Jumatano. Nusu ukuta pamoja na feni ya kufyonza moshi vinatosha. Mkaa haukuingia ndani hata siku moja. Jiko la mkaa liko uani pamoja na masufuria makubwa. Na ile kaunta ya katikati tuliifuta kabisa. Chumba chetu ni mita 3.1 kwa 4.4. Ukiweka kaunta pale katikati, watu wawili hawapishani, na siku ya Idi jikoni huwa tuko watano.

Wakati nasubiri zege likauke nilisoma kidogo habari za majiko ya zamani, nikakutana na jiko la Frankfurt, Ujerumani, lililochorwa mwaka 1926 na msanifu mwanamke, Margarete Schütte-Lihotzky. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa 3.4, na yalijengwa kama 10,000 kwenye nyumba za wafanyakazi mjini humo. Kila hatua ilihesabiwa. Mchele, sukari na vinginevyo vilikaa kwenye vidroo vya alumini vyenye mdomo wa kumiminia, na unga ukawekwa kwenye droo za mwaloni kwa sababu ya wadudu. Mkuu wa mradi ule wa nyumba alikuwa Ernst May, na hapo nikashtuka, maana mwaka 1934 May alihamia Tanganyika, akalima karibu na Arusha, baadaye akafungua ofisi Nairobi. Oceanic Hotel ya Mombasa aliichora yeye. Yaani mtu yule alikuwa jirani.

Vidroo vya kumimina nimeviiga, vya mchele, maharage na unga wa chapati, na ndiyo sehemu ya jiko ninayoipenda kuliko zote. Mpango wenyewe sikuuiga. Lile lilikuwa jiko la mwanamke mmoja, peke yake, mlango umefungwa. Wifi zangu wangegongana vichwa humo.

Sasa mbao. Samani za Denmark za miaka ya 50 na 60, mtindo niliokuwa nautaka, zilitengenezwa sana kwa mtiki, na hapa kwetu mtiki si wa kutafuta mbali. Shamba la serikali la Longuza lipo Muheza. (Kwenye vitabu utakuta umeandikwa msaji. Sokoni sema mtiki.) Tatizo ni kujua kununua. Kiini cha mtiki ni kahawia, kina mafuta yake, na bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao, hawakipendi. Mbao nyeupe ya nje haina nguvu hiyo, na miti ikivunwa michanga, sehemu nyeupe ndiyo nyingi. Muuzaji wetu alituchanganyia. Fundi seremala akatuambia zikipakwa rangi zitafanana, hakuna atakayejua. Bungua walijua. Miezi mitano tu, chini ya kabati la masufuria nikakuta vumbi laini kama unga wa sembe, na vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini. Milango miwili ikatolewa na kutengenezwa upya, kwa gharama yangu. Ukienda kununua, nenda na fundi, mwambie arande ubao mmoja mbele yako kabla hujalipa.

Sitaki nimvunjie fundi heshima, maana mikono anayo. Mtiki una mafuta, gundi haishiki vizuri. Yeye alikuwa anafuta kila kiungo kwa tina kabla ya kupaka gundi, na hakuna kiungo hata kimoja kilichoachia. Droo hazina vishikio, amekata kijipango cha mviringo kwenye ukingo wa juu, unaingiza vidole viwili unavuta. Mama alisema zinaonekana kama zinacheka. Makabati ya juu tuliyafanya ya milango ya kusukuma pembeni, kwa hiyo hakuna anayegonga paji la uso. Ya chini yamesimama juu ya miguu ya sentimita 15, iliyopungua unene kwenda chini. Nilidhani ni mapambo. Kumbe dekio linapita hadi ukutani, na mende wamekosa pa kujificha. Maganda ya vitunguu nayo yanapita hadi ukutani, hilo pia niliseme.

Bawaba ni kisa kingine. Msanifu aliandika bawaba za rangi ya dhahabu. Tukaletewa chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Sisi tuko mita mia tatu kutoka baharini. Miezi minne zikawa zinalia, na michirizi ya kutu inashuka kwenye mlango. Nimebadilisha zote, nimeweka za shaba. Kama unaishi pwani, anza na hizo.

Na mafuta. Tuliambiwa tusipake vanishi, tupake mafuta ya kitani, ndivyo walivyofanya mafundi wa Denmark zamani, mbao ipumue. Ilipendeza kuanzia Februari hadi Aprili. Masika ilipokolea, ndani ya milango ukaota ukungu wa kijivu, harufu kama ya kanga iliyosahauliwa kwenye ndoo. Denmark hawana masika ya Tanga. Tukapiga msasa upya kazi yote, tukapaka vanishi isiyong'aa. Rangi ya joto imebaki, ukungu haujarudi. Na kama utatumia mafuta yale, vitambaa ulivyopakia usivikunjekunje ukavitupa kwenye pipa; vinaweza kupata moto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje vikauke.

Jambo dogo lililoleta tofauti kubwa ni balbu. Jiko lilipokwisha, usiku wa kwanza niliwasha taa nikataka kulia: mbao nzuri vile, inaonekana kama zahanati. Balbu nyingi madukani kwetu ni zile nyeupe za Kelvini 6500. Nilizunguka Ngamiani nusu siku kutafuta za 2700, zenye mwanga wa manjano. Nilipoziweka kwenye vile vifuniko vya ukindu tulivyosukisha, mume wangu akatoka chumbani kuuliza kama nimepaka rangi tena.

Urefu wa kaunta uliochorwa ulikuwa sentimita 90. Mimi unanifaa. Mama hafiki. Akisukuma chapati pale, mabega yanapanda hadi masikioni. Nikamwomba fundi ashushe kipande cha mita moja hadi 76, karibu na ule uwazi wa ukuta, na juu yake akaweka fomaika ya kijani cha zeituni. Mama akauliza, "Fomaika bado ipo?" Yake ya mwaka 1974 ilikuwa na maua. Chini ya dirisha, badala ya meza na viti, tuliweka benchi refu la ukutani, sawasawa na baraza, lenye droo za mikeka ndani yake. Msanifu hakufurahi. Alikuwa amechora meza ya watu wanane. Nikamwambia siku ya Idi sisi ni thelathini na kitu, tunakula chini, kwenye mkeka, sinia kwa sinia. Meza ya watu wanane itabeba mikoba.

Idi ya kwanza ndiyo ile ya kochi. Baadaye ubao ule uliongezwa hadi sentimita 45 na kuwekewa ukingo mdogo wa mbele, na sinia sasa limetulia. Lakini siku ile ile, tulipokuwa bado tunafuta mchuzi, Mama alikuwa ameketi upande wa jikoni juu ya mbuzi, anakuna nazi ya mwisho, mgongo kwa dirisha. Sebuleni shemeji yangu mkubwa alikuwa anahadithia jinsi baba yao alivyonunua nyumba hii, anataja bei. Mama hakugeuka wala hakuacha kukuna. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barazani, "Mwongo huyo. Alikopa nusu kwa kaka yangu." Sebule nzima ikageuka. Akamaliza kifuu chake, akasimama, akaja kuegemea pale kwenye ubao na kuwapa hadithi yote, mkono mmoja una chicha.

Kwa wanaouliza bei: ukuta, mbao, mafundi, umeme, feni, benchi na makosa yote niliyoyataja, tumefika milioni 14 na kidogo. Tuliambiwa wiki sita, zikawa kumi na tano. Msanifu ningemlipa tena kwa ajili ya rangi na milango ya kusukuma, ila safari hii angekuja kulala kwetu wiki moja kabla hajachora. Seremala ningemrudia kesho, mradi mbao ninunue mwenyewe.

Kimebaki kitu kimoja tu. Droo ya bilauri, ya tatu kutoka kwenye sinki, inavimba kila masika na haifunguki mpaka uipige ngumi. Fundi alisema tungoje kiangazi, mbao ikisinyaa atakuja kuiranda. Kiangazi kimefika. Simu yake inaita.