Ryzen 5 5600G kwa anayeunda kompyuta ya kwanza: inafaa, ila usiipe kijiti kimoja cha RAM

Wengi wanaotaka kujiundia kompyuta ya mezani hukata tamaa wakishaulizia bei ya kadi ya picha. Ryzen 5 5600G ya AMD inaondoa kikwazo hicho, kwa sababu sehemu ya kutoa picha, Radeon Vega 7, imo ndani ya prosesa yenyewe. Unachomeka waya wa HDMI kwenye ubao mama na skrini inawaka. Iliingia madukani Agosti 2021 kwa dola 259, na bei imeshuka sana tangu hapo. Ina viini 6 na nyuzi 12 (kazi inazoweza kuendesha kwa pamoja), kasi yake ni GHz 3.9 hadi 4.4, na kiwango chake cha umeme ni wati 65.

Kazi za ofisi, kuandika programu, kuhariri picha na hata kukatakata video za 1080p inazifanya bila kuhema. Kwa gemu, Valorant, Dota 2 na GTA V zinachezeka kwa 1080p ukishusha mipangilio. Gemu nzito za miaka ya karibuni utashuka hadi 720p, na nyingine bado zitakusumbua. Asikudanganye muuzaji kwamba hii ni mashine ya gemu zote.

Uzuri au ubaya wa prosesa hii unaamuliwa na RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine. Vega 7 haina kumbukumbu yake, inaazima ya mashine. Kijiti kimoja cha DDR4-3200 kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde. Viwili vikifanya kazi pamoja, GB 51.2. Anayekushauri uchukue kimoja cha GB 16 leo, kingine utaongeza Mungu akijalia, anakukata nusu ya njia. Viini vya kawaida vitavumilia, lakini gemu iliyokuwa laini itaanza kukwamakwama. Nunua viwili vya GB 8 vilivyofungwa pamoja kiwandani. Kwenye ubao wenye nafasi nne, viweke kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka upande wa prosesa, ambazo huandikwa A2 na B2. Kisha ingia BIOS, programu ya mipangilio iliyo ndani ya ubao mama, uwashe XMP, mpangilio wa kuikimbiza RAM kwa kasi yake (ASUS wanaiita DOCP), la sivyo RAM uliyoilipia 3200 itakimbia 2133, 2400 au 2666 na hakuna atakayekwambia. Humohumo BIOS tafuta UMA Frame Buffer Size uitengee picha GB 2. Baadaye Windows itasema GB 13.9 tu ndizo zinazotumika. Hujaibiwa, ni hizo ulizotenga.

Ubao mama uwe wa soketi (kikalio cha prosesa) ya AM4: B550 ni chaguo salama, A520 inatosha kwa bajeti ndogo, B450 nayo inakubali ikiwa BIOS yake ni mpya. Hapo ndipo watu wengi hunasa. Ubao uliotoka kiwandani kabla ya prosesa hii unaweza usiitambue kabisa: feni zinazunguka, skrini nyeusi, na unaanza kulaumu vitu visivyohusika. Tafuta kibandiko cha "AMD Ryzen 5000 Desktop Ready" kwenye boksi, au mwombe muuzaji aisasishe BIOS kabla hujalipa. Bora zaidi ni ubao wenye kitufe cha BIOS Flashback, maana unaisasisha kwa flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 hata bila prosesa. Faili lazima lipewe jina ambalo kampuni imetaka (MSI, kwa mfano, hutaka MSI.ROM), vinginevyo kitaa kitawaka kidogo na kuzima.

Boksi rasmi la 5600G linakuja na kipoozaji cha Wraith Stealth, na kinatosha. Ukiuziwa prosesa tupu isiyo na boksi, kipoozaji utakinunua mwenyewe, kwa hiyo ile bei ya chini ihesabu upya.

Anza kuunganisha nje ya kasha, ubao ukiwa juu ya boksi lake. Prosesa za AM4 zina pini 1,331 chini yake, nazo zinapinda kirahisi. Inua wenzo wa soketi, linganisha pembetatu ndogo ya dhahabu na ile ya kwenye soketi, kisha iachie prosesa itue kwa uzito wake. Usiisukume. Ikigoma, itoe uitazame pini moja moja. Pini iliyopinda hunyooshwa kwa ncha ya penseli ya chuma iliyotolewa risasi, taratibu. Ikikatika, biashara imekwisha.

Wraith Stealth haifungwi kwenye vishikio vya plastiki vilivyopo pembeni mwa soketi. Unavifungua hivyo kwanza, skrubu nne, huku mkono mwingine ukishikilia bamba la nyuma, kwa sababu skrubu zikitoka bamba linaanguka. Chini ya kipoozaji tayari kuna pesti ya kupitisha joto, kwa hiyo usiiguse wala kuongeza nyingine. Shusha kipoozaji wima na ukaze kwa mshazari, mizunguko michache kila kona, hadi skrubu zigome zenyewe. Waya wa feni uende kwenye CPU_FAN; ukiuchomeka SYS_FAN mashine italalamika kwamba feni haipo.

Baada ya RAM na SSD ya M.2, diski bapa inayolala juu ya ubao (skrubu yake ni ndogo ajabu na imo kwenye boksi la ubao, usitupe vifuko), unganisha pawa saplai na ujaribu hapohapo. Gusisha pini mbili za PWR SW, za kitufe cha kuwashia, kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Mara ya kwanza skrini inaweza kubaki nyeusi dakika moja au zaidi mashine ikijifunza RAM. Vuta subira kabla ya kung'oa kitu.

Ikiwaka, sasa ingiza kwenye kasha. Bamba la matundu ya nyuma ndilo la kwanza, na kingo zake zinakata. Hesabu vile vijiguu vya shaba vinavyobeba ubao: kimoja kikibaki mahali ambapo ubao hauna tundu, kitagusa nyuma yake na kusababisha shoti. Pitisha waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini 8 wa juu kushoto, kabla hujafunga ubao, maana baadaye vidole havifiki. Usiuchanganye na wa kadi ya picha, ambao huandikwa PCIe na plagi yake imegawanyika tofauti. Wengi walioishia na feni zinazozunguka bila picha wameusahau waya huu, au wameacha plagi ya pini 24 haijalia "tak".

Pawa saplai ya wati 450 yenye cheti cha 80 Plus Bronze ni zaidi ya mahitaji, na inaacha nafasi ya kadi ya picha ya wastani. Usijaribu kuokoa hela hapa. Zile za bei ya chini huwa na swichi nyekundu nyuma ya kuchagua 115 au 230. Ikiletwa ikiwa 115 nawe ukaichomeka kwenye umeme wa Dar es Salaam au Nairobi, itapasuka siku hiyohiyo. Iangalie kabla ya waya kugusa ukuta. Na kama umeme wa mtaani kwako hukatika na kurudi kwa kishindo, weka UPS, betri ya akiba, kwenye bajeti tangu mwanzo. Walio pwani wachague kasha lenye vichujio vya vumbi vinavyotoka, kwani vumbi likichanganyika na hewa ya chumvi hushika kwenye mapezi ya kipoozaji.

Udhaifu wake? Inatumia PCIe 3.0, kizazi cha tatu cha njia ya kupitisha data ya kadi na SSD, kwa hiyo SSD ya kizazi cha nne itafanya kazi lakini itaishia karibu MB 3,500 kwa sekunde, usiilipie zaidi. Kachi yake ya L3, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, ni MB 16, nusu ya ile ya Ryzen 5 5600 isiyo na G. Kwa hiyo ukijua utanunua kadi ya picha ndani ya miezi michache, chukua 5600 ya kawaida, ila kumbuka hiyo bila kadi haitoi picha kabisa. Ukiiona 5600GT ya Januari 2024 kwa bei ileile, ichukue, ni ndugu yake wa karibu sana. Na mwenye mfuko mpana aangalie 8600G: picha zake ni bora kwa mbali, lakini inataka ubao wa AM5 na RAM ya DDR5, na gharama hizo mbili ndizo huwarudisha wengi kwenye 5600G.

Siku ukitaka kukitoa kipoozaji, washa mashine dakika kumi kwanza ipate joto, zima, chomoa waya wa ukutani, fungua skrubu, kisha kizungushe kushoto na kulia kabla ya kuinua. Ukivuta kikiwa baridi kitatoka na prosesa imenata chini yake, wenzo ukiwa bado umefungwa.