Siku tano Mafia: saa yako iache Mbagala

Ukisema umetoka Mafia, ofisini hukosi wa kukuuliza umeuza unga kiasi gani. Utani umechoka. Kisiwa kipo Mkoa wa Pwani, kusini ya Zanzibar, na kwa ndege kutoka Dar ni kama nusu saa tu. Mimi na mdogo wangu tulikwenda kwa basi na boti, mfuko ndio uliotuchagulia, mwezi wa Novemba.

Basi tulipanda Mbagala Rangi Tatu, likaacha barabara kuu pale Bungu kuelekea Nyamisati. Tulikuwa tumeambiwa boti inaondoka saa nne. Saa nne ikafika: boti ipo, abiria tupo, magunia ya vitunguu na magodoro yameshapakiwa, na hakuna anayehangaika. Nikamuuliza mama mmoja aliyekalia ndoo yake. "Mwanangu, maji bado," akasema, akaendelea kumenya chungwa lake. Nyamisati ipo ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji, na maji yakipwa chombo hakitoki. Tuliondoka saa saba. Huko nje mawimbi yalituchezea kidogo, mdogo wangu akatapika, mengine salama.

Kilindoni ni mji wa bandari, soko na bodaboda. Hela toeni hapo hapo, maana mkishafika kijiji cha Utende au kisiwa cha Chole msitegemee mashine ya benki. Nyumba ya wageni tuliyolala ilisifiwa kwenye simu kuwa "inatazama bahari". Inatazama ukuta. Ukisimama juu ya kitanda ndiyo unaona vichwa vya minazi. Chandarua kilikuwa na matundu ya kupita popo. Nililalamika, nikabadilishiwa chandarua, chumba kikabaki kilekile. Supu yao ya pweza ya asubuhi lakini, siwezi kuisema vibaya.

Kilichotupeleka ni papa potwe, ambaye wengine humwita papa shilingi kwa yale madoa meupe ya mgongoni. Kati ya Oktoba na Machi huja karibu kabisa na Kilindoni. Boti ya kwanza ilituudhi. Kijana aliyekuwa kwenye mashine alimfukuza samaki mpaka karibu ampande mgongoni, sisi tunapiga kelele azime, yeye anadhani tunashangilia. Samaki akazama, na hela yetu ikazama naye. Kesho yake tukatafuta mzee mmoja. Huyu alikwenda polepole akiangalia ndege na mitumbwi ya wavuvi wa dagaa, akazima mashine mbali, akatuambia tuingie majini taratibu tusubiri. Tulisubiri sana. Mara nikaona mdomo, mdomo tu, umeachama kama mlango wa friji, unanijia. Hana habari na mtu, anachuja vijidudu vyake. Akapinda kidogo, akapita chini yangu: madoa, madoa, madoa, halafu mkia. Alikuwa mrefu kuliko Hiace, na mzee akasema huyo bado kijana.

Kutoka Kilindoni mpaka Utende ni lami. Huko ndiko lilipo geti la hifadhi ya bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Beba kitambulisho, kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni ni vitu viwili tofauti. Na niseme ukweli: aliyezoea ufukwe wa Nungwi, Zanzibar, akifika Utende atanuna. Maji yakitoka, mbele yako kuna tope, mikoko na kina mama wanaotafuta pweza. Mchanga mweupe wa kwenye picha upo kwenye fungu la Marimbani, mnakwenda kwa boti, na maji yakijaa fungu lenyewe halipo.

Mimi Chole ndiyo iliyonikalia moyoni. Unavuka kwa mashua pamoja na wenyeji na ndoo zao, nauli haifiki soda mbili. Hakuna gari. Kuna magofu yaliyokumbatiwa na mizizi, na kuna popo wakubwa wanaolala mtini wananing'inia kama mabuyu, wakigombana mchana kutwa. Chini ya mwembe mafundi walikuwa wanaunda jahazi. Fundi mmoja alikuwa anatoboa mbao kwa keekee, upinde unakwenda na kurudi, mwenzake anapachika pamba kwenye maungio kwa patasi na nyundo, ile kazi ya kukalafati. Nikauliza mchoro uko wapi. Wakacheka. "Huu hapa, dada," akagonga paji la uso. Tulikaa pale saa nzima na hakuna aliyejaribu kutuuzia kitu. Jambo hilo limenitokea mara chache sana kwenye safari zangu za pwani.

Kua, kwenye kisiwa cha Juani, nendeni na nahodha anayejua maji, na mfuate anachosema. Ni mji mzima ulioachwa, misikiti na jumba la watawala, mibuyu imeota katikati. Husimuliwa kwamba Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, waliuvamia mwanzoni mwa karne ya 19, wakachukua watu. Nilikuwa bado napiga picha ya mihrabu nahodha alipoita mara ya kwanza. Alipoita ya tatu, boti ilikuwa imeshasogea mbali na tukatembea kwenye tope mpaka magotini, viatu mkononi, yeye anatutazama bila kusema neno. Kasa wa Juani hatukuwapata, msimu wa kutotoa ulikuwa umepita.

Siku ya kurudi tuliambiwa boti ya Nyamisati ni saa kumi na moja alfajiri. Mdogo wangu akamuuliza kijana wa bodaboda kama ni kweli. Kijana akaangalia baharini, akafikiri kidogo, akasema atatupitia saa moja kasoro.