Kinanda cha kuhifadhia sauti ulizorekodi mwenyewe: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Umeme ulikatika saa nne usiku, bibi harusi ndiyo kwanza anaingia ukumbini. Jenereta likawashwa haraka, taa zikarudi, spika zikanguruma. Kinanda changu nacho kikawaka, ila ganuni niliyoirekodi wiki nzima, uzi mmoja mmoja, haikuwemo. Nikachomeka flashi na kuanza kuipakia upya, nikatazama ule mstari unavyojaa kwa mwendo wa konokono huku mpiga dumbaki akinikodolea macho. Tukaingia na wimbo mwingine kwa sauti ya kodiani iliyotoka kiwandani.

Tangu usiku ule, mtu akiniomba ushauri wa kinanda cha kuwekea sampuli, yaani vipande vya sauti ulizorekodi mwenyewe, simuulizi kwanza ana shilingi ngapi. Namwambia amuulize muuzaji hivi: ukikizima, sauti zangu zinalala wapi?

Kwa sababu kuna memori za aina mbili. Ya kwanza ni RAM: umeme ukiondoka, kila ulichopakia kinaondoka nao. Ya pili ni flashi ya ndani au diski, ambayo unaweza kuzima, ukasafiri Dar hadi Tanga, ukawasha na kukuta kila kitu mahali pake. Dalali atakwambia "hiki kina GB moja, bosi", na hadanganyi. Hajakwambia tu ni GB ya aina gani.

Wala usitishwe na ukubwa. Dakika moja ya stereo yenye ubora wa CD inakula kama MB 10, mono nusu yake. Ganuni yangu ilikuwa na noti 14, sekunde 5 kila moja, mono: MB 6 na kitu. Piano kubwa za stereo ndizo zinazomaliza nafasi, na piano nzuri imo tayari ndani ya kinanda chochote hapa chini.

Namba moja kwangu ni Yamaha MODX. Ilitoka 2018 ikiwa na GB 1 ya flashi ya ndani; MODX+ ya 2022 ikaongezewa hadi GB 1.75. Sauti zinabaki hata umeme ukatike mara kumi. MODX6, ile yenye funguo 61, haifiki kilo 7, unaivaa mgongoni na kupanda bodaboda. Inasoma pia mafaili ya Motif XF, kinanda cha Yamaha cha kabla yake, na kwa wapiga kinanda wanaogawiana sauti kwenye flashi hiyo peke yake ni sababu ya kutosha.

Kasoro yake: haina sampla. Huchomeki maiki ukarekodi sampuli papo hapo. Unarekodi pembeni, unakata kwenye kompyuta, unaleta faili za WAV na flashi, ndipo unazipanga kwenye funguo. Halafu kuna mtego ambao umeliza wengi. Faili lenye mwisho wa X8U likipakiwa linafuta eneo lako zima na kukaa lenyewe. Lenye mwisho wa X8L ni maktaba: linajiongeza pembeni bila kugusa vyako, na nafasi za maktaba ni nane. Rafiki akikupa X8U na wewe hujahifadhi vya kwako kwenye flashi, usiliguse. Tena zoea kuweka kila kundi la sauti kwenye maktaba yake, ganuni na udi huku, vinanda vya kwaya kule, maana ukiifuta maktaba inaondoka na sampuli zake zote na hayabaki makapi ya kujaza nafasi.

Namba mbili ni Yamaha Motif XF ya 2010, lakini kwa sharti. Hii ina sampla ya kweli: unachomeka maiki, unarekodi, unakata na kupanga kwenye kinanda chenyewe. Sampuli mpya zinaingia kwanza kwenye RAM ya MB 128, ambayo inafutika. Ili zibaki lazima kiwe na kadi za flashi za ndani, FL512M au FL1024M, ambazo zinakaa hadi mbili, jumla GB 2. Motif XF ya mtumba isiyo na kadi hizo ni nusu ya kinanda, na kuzitafuta zenyewe siku hizi ni kazi. Usikubali kuambiwa "ipo ndani", washa uione kwenye skrini. Na XF8, ile yenye funguo 88, ni mzigo wa watu wawili, mgongo wangu unajua.

MOXF, ndugu yake mwepesi wa 2013, inapokea kadi moja tu ya aina hiyo na haina sampla. Kwa mfuko mdogo inafaa.

Korg Kronos ya 2011 naiweka ya tatu, na najua kuna watakaonishambulia. Kwa sampuli peke yake ingekuwa ya kwanza: ina diski ya SSD ya GB 30, inarekodi yenyewe, na unaiambia ipakie seti yako kila inapowaka. Shida ni huko kuwaka. Ndani ni kompyuta kabisa, inachukua zaidi ya dakika mbili kabla ya kutoa sauti, na seti ikiwa kubwa inaongezeka. Umeme ukiyumba katikati ya wimbo, ukumbi mzima utakusubiri. Ukiinunua, nunua na UPS, ile betri ya akiba ya kushikilia umeme ukikatika, siku hiyohiyo.

Kwa kanisa linalotaka midundo humohumo, Yamaha PSR-SX900 ya 2019 ina GB 1 ya kuongezea sauti, nayo haifutiki. Ila kazi yote inafanyika kwenye kompyuta kwa programu ya Yamaha Expansion Manager, na kinanda kinakubali furushi moja kwa wakati. Ukitaka kuongeza filimbi moja, unaunda upya furushi lenye vya zamani na kipya, kisha unapakia lote. Mpiga kinanda asiye na laptopu atachoka mapema.

Mwisho wa foleni wapo wazee: Korg Triton ya 1999 na MB 16 zake, karibu dakika tatu tu za mono, Motif ES na Motif XS. Vinanda vizuri, vingine sauti zake za kiwandani bado hazijapitwa. Lakini sampuli zote ziko kwenye RAM. Nunua kimojawapo kama unapiga studio na umeme wako ni wa uhakika.

Dukani, njoo na flashi yako, iwe imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili ambao vinanda vinausoma. Flashi za GB 64 mara nyingi huja na exFAT na vinanda vingi vya zamani havitaziona kabisa. Ya GB 8 inakutosha miaka. Pakia sauti moja, ihifadhi, zima, kisha chomoa waya ukutani. Hesabu hadi kumi. Washa upige. Muuzaji akianza kusema "haina haja, kaka", rudia zoezi.

Kabla hata ya hapo, pindua kinanda usome nyuma. Vilivyotengenezwa kwa soko la Japani vinatumia volti 100, na Motif XF ina pawa saplai ndani: ya Kijapani ukiichomeka kwenye 230 ya hapa unasikia "tap!" na harufu. Kwa MODX na MOXF hatari hiyo ni ndogo, pawa yake ni adapta ya nje, unabadilisha adapta tu.