Nililipa 2,010 kwa gemu niliyokuwa nikiiuza mia

Mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa bado haujaguswa, nilikatwa shilingi 2,010 kwenye simu, na kwa mara ya kwanza maishani nikawa na gemu ya kompyuta niliyoinunua kwa mwenyewe. Inaitwa Stardew Valley. Ni dola 14.99, bei ile ile tangu ilipotoka mwaka 2016. Naijua vizuri kwa sababu kabla ya hapo niliwanakilia watu gemu hiyo hiyo, shilingi 100 kila mmoja, katika saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu.

Nasikia watu wakibishana kama gemu mpya ni ghali mno na kama kunakili ni wizi. Wengi wao hawajawahi kukaa upande wa meza niliokaa mimi. Zile mia nilizipokea mimi.

Kazi ilikuwa hivi. Mwenye saiba alikuwa na diski kubwa ya nje iliyokuja kutoka Nairobi kila baada ya miezi miwili mitatu, imejaa gemu zilizokwisha kuvunjwa ulinzi unaozuia kunakiliwa. Orodha niliichapisha nikaibandika ukutani. Gemu ndogo 100, kubwa 200, na ukitaka nikuwekee mwenyewe kwenye mashine, unaongeza 50. Ijumaa jioni wanafunzi walitoka Maseno na laptopu zao mgongoni, wakapanga foleni mpaka nje kwa wauza viatu vya mitumba. Nilikuwa nalipwa 14,000 kwa mwezi na chumba changu Manyatta kilikuwa 3,500.

Kwa mteja ilionekana rahisi: unalipa, unapewa, unaenda. Ukweli ni kwamba gemu kubwa ilikuja imebanwa sana ili faili liwe dogo, na kuifungua kwenye laptopu ya kawaida kulichukua saa nne, tano, feni ikilia muda wote na mashine ikichemka hata huwezi kuiweka mapajani. Stima ikipotea ikiwa imefika asilimia 80, na betri ni ile iliyokufa zamani, unaanza upya. Halafu kuna lile sharti nililolisema kila siku bila kulifikiria: zima kwanza programu ya kuzuia virusi, la sivyo itafuta faili la kuvunjia ulinzi. Yaani nilimwambia mtu afungue mlango wa nyumba yake, afukuze na mlinzi, kisha nimwingizie mgeni ambaye hata mimi simjui.

Mapema mwaka 2024 alikuja mwanafunzi wa mwaka wa nne na laptopu ya dada yake. Alitaka gemu ya mpira. Nilimwekea mwenyewe, nikachukua 250. Baada ya siku mbili akarudi, faili zake zote hazifunguki, mradi wake wa kumalizia chuo ukiwamo. Hakunifokea. Alisimama mbele ya meza akaniuliza, "Omera, ndugu yangu, hiyo kitu ilitoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimrudishia 250 zake. Mradi haukurudi. Nilikesha usiku mbili nikijaribu kuziokoa zile faili na sikupata hata ukurasa mmoja. Watu husema kunakili hakumuumizi mtu, na akilini mwao aliye upande wa pili ni kampuni kubwa ya ng'ambo. Mimi niliyemuumiza alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu.

Sasa bei. Gemu kubwa mpya kwa miaka mingi, tangu katikati ya miaka ya 2000, ilikuwa dola 60. Kuanzia 2020 nyingi zikapanda hadi 70, na mwaka 2025 Nintendo ikatoa Mario Kart World kwa 80. Wanaozitengeneza wanajitetea, na utetezi wao si wa bure. Dola 60 za mwaka 2006, ukizipima kwa thamani ya leo huko Marekani, zinapita 90, kwa hiyo Mmarekani analipa kidogo kuliko alivyolipa baba yake. Gharama nazo zimepaa. Nyaraka zilizofika mahakamani Marekani mwaka 2023 zilionyesha kwamba kutengeneza gemu ya The Last of Us Part II kulimeza takriban dola milioni 220. Ukiwalipa mamia ya watu kwa miaka kadhaa, pesa hizo lazima zirudi.

Nakubali yote hayo, na bado nasema bei ile si ya haki kwa mtu wa Kisumu.

Januari 2024, dola moja ilipofika shilingi 160 hivi, gemu ya dola 70 ilikuwa 11,200. Mshahara wangu ulikuwa 14,000. Miezi michache baadaye shilingi ikapata nguvu, dola ikashuka hadi karibu 130, na gemu ile ile ikawa 9,100. Zaidi ya shilingi 2,000 zilipanda na kushuka, na kwenye gemu yenyewe hakuna kilichobadilika. Duka la Steam, ambalo huuza gemu za kompyuta mtandaoni, lina bei za sarafu nyingi. Wa Afrika Kusini anaona randi, Mhindi anaona rupia, na bei ya rupia mara nyingi huwekwa chini kuliko ya dola kwa makusudi, kwa kuangalia mfuko wa watu wa kule. Shilingi ya Kenya haimo. Sisi tunaonyeshwa dola, bei ile ile anayoonyeshwa mtu anayeishi Seattle. Hakuna aliyekaa chini akaamua kwamba kijana wa Nyalenda alipe karibu mshahara mzima. Ninavyoona mimi, hakuna aliyekaa chini kabisa, na hilo ndilo linaloniuma.

Kuna na wakati pesa unayo na bado huuziwi. Mei 2024 Helldivers 2, gemu ya dola 40 iliyokuwa ikipendwa duniani kote, iliondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170 kwa sababu hazikuwa na huduma ya akaunti za PlayStation, ambazo mchezaji alitakiwa kuwa nazo. Kenya ilikuwa mojawapo. Siku ile wateja watatu waliniuliza kama ninayo. Gemu ile huchezwa mtandaoni tu, hainakiliki, nikawaambia hakuna namna. Walikuwa tayari kulipa.

Nirudi kwenye 2,010 zangu, maana huu ni uhakiki wa kitu nilichonunua. Kulipa kwenyewe kulinichosha. Kadi ya benki ilikataliwa mara mbili bila maelezo. Mwishowe nilitumia ile kadi ya Visa ya mtandaoni inayofunguliwa ndani ya simu na kuchukua pesa kwenye M-Pesa. Ikakubali papo hapo. Kwa kiwango cha dola cha siku ile nilitarajia 1,940 hivi, kwa hiyo sabini zilipotea njiani kwenye kubadilisha sarafu. Kupakua kulikuwa kwepesi kuliko nilivyoogopa. Gemu inahitaji nafasi ya megabaiti 500 tu, na bando langu la usiku lilitosha na kubaki. Hakuna faili la kuvunja chochote. Sikuzima kitu. Nilibonyeza, ikafunguka, nikakaa nikaitazama kwa muda kama mtu aliyeingia nyumbani kwake kupitia mlango wa mbele.

Ni gemu ya shamba. Umeachiwa na babu yako ardhi iliyojaa magugu na mawe, unailima, unapanda, unavua samaki, unazoeana na majirani. Kila msimu una siku 28, na mimea mingi usiyoivuna kabla msimu haujageuka inakauka. Mama analima mpunga Ahero, na nilipomweleza hilo la mwisho alisema aliyeitengeneza lazima ameshika jembe. Sijui kama ameshika. Ninachojua ni kwamba aliitengeneza peke yake. Eric Barone alichora kila picha, akatunga muziki wote na kuandika programu yote kwa zaidi ya miaka minne, huku akifanya kazi ya kuwaonyesha watu viti katika ukumbi mmoja wa maonyesho Seattle. Tangu 2016 ameendelea kuiongezea mambo bila kudai hata senti. Sasisho kubwa la 1.6 lilitoka Machi 2024, na waliokuwa wamenunua ya kompyuta walilipata siku hiyo hiyo, bure. Wateja wangu waliniulizia toleo hilo wiki baada ya wiki. Kwenye diski yetu halikuwamo.

Mdogo wangu wa kike yuko Kakamega. Aliinunua yake wakati wa punguzo, na sasa tunalima shamba moja kila mmoja akiwa kwake. Yeye anapenda kuvua, mimi nalisha ng'ombe. Jumapili tunaongea saa mbili tatu tukicheza, na kwa miaka mitano iliyopita hatukuwa tukiongea hata dakika kumi kwa mwezi. Nikigawa 2,010 kwa saa ambazo nimeicheza mpaka leo, ni chini ya shilingi 20 kwa saa. Kwenye mabanda ya gemu hapa mjini, mechi moja ya mpira huimaliza 20 kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu Stardew Valley ni kwamba bei ni ya haki, inunue. Jibu langu kuhusu gemu ya mpira ya dola 70 inayotoka upya kila Septemba ni kwamba siinunui siku ya kwanza, na simlaumu asiyeinunua. Subiri. Witcher 3 ilianza kwa dola 60 mwaka 2015, na nimeiona wakati wa mapunguzo ikiuzwa chini ya 5. Ukinunua Steam na gemu ikakataa kwenye mashine yako, unaweza kurudishiwa pesa ndani ya siku 14, mradi hujaicheza saa mbili. Hilo peke yake linashinda dhamana yoyote niliyowahi kumpa mteja mimi.

Mzee wangu wa saiba tulibishana naye sana nilipoaga kwenda kwenye kazi niliyo nayo sasa, ya kutunza maabara ya kompyuta katika shule moja ya upili. Aliniambia, "Kijana wangu, hawa watoto hawana elfu tisa. Wasingenunua hata wangefanyaje. Sasa nani ameibiwa?" Ni hoja nzito na niliibeba kichwani kwa miezi. Kisheria haina pa kusimama: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inailinda programu ya kompyuta kama inavyolilinda andiko, na kuinakili kwa kuuza ni kosa. Lakini sikutaka kumjibu kwa sheria. Nilitaka kujua kama anasema kweli.

Hasemi kweli, na ushahidi ulikuwa kwenye daftari letu la mauzo. Watu walilipa. Kila Ijumaa walilipa, mia na mia mbili, wengine wakakopa nauli. Mtu asiyetaka kulipia gemu hasimami foleni Kibuye na pesa mkononi. Elfu tisa hawakuwa nazo, lakini mia tano walikuwa nazo, na elfu moja ya kuchanga na rafiki. Pesa hizo zote zilikuja kwetu sisi ambao hatukuchora hata jani moja, kwa sababu tulikuwa karibu, tuliuza kwa shilingi, na tulipokea M-Pesa. Barone hakupata kitu. Mimi nilipata mshahara.

Gabe Newell, mkuu wa kampuni yenye Steam, alisema mwaka 2011 kwamba uharamia karibu kila mara ni tatizo la huduma kuliko bei. Alitoa mfano wa Urusi, ambako wengi waliamini hakuna wa kununua, na wakauza vizuri walipowahudumia watu vizuri. Poland nako ni hivyo hivyo, na kisa chake ndicho kilichonigusa zaidi. Marcin Iwiński alianza ujana wake kwenye soko la kompyuta la Warsaw, akiuza gemu zilizonakiliwa, kama mimi. Mwaka 1994 yeye na mwenzake wakaanzisha CD Projekt. Wakaitafsiri gemu ya Baldur's Gate kwa Kipolandi, waigizaji wa kwao wakatia sauti, wakaiweka kwenye boksi zuri lenye ramani na vitu ambavyo nakala ya sokoni isingekuwa navyo, na mwaka 1999 watu wakanunua. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kutengeneza Witcher 3. Soko lililodhaniwa la wezi lilikuwa soko la wateja ambao hakuna aliyewahi kuwauzia.

Nataka hivyo hapa. Bei ya shilingi, iliyopangwa na mtu aliyeuliza watu wa Kisumu na Nakuru wanapata ngapi. Njia ya kulipa kwa M-Pesa moja kwa moja, bila kadi ya kuzungukia.

Jumamosi iliyopita mteja wangu wa zamani, mwendesha boda wa Kondele, alinisimamisha pale stejini. "Fundi, ile diski bado unayo?" Nilimwambia niliiacha kwa mwenyewe. Akauliza basi ile ya shamba ataipata wapi, mkewe anaililia tangu ilipofutika laptopu ilipoharibika. Tulikaa kwenye benchi lao tukafungua akaunti ya Steam kwenye simu yake, tukafungua na ile kadi ya mtandaoni. Ilituchukua dakika 40, na mara mbili alisimama akaniacha ili abebe abiria. Kwenye M-Pesa alikuwa na 700. Tuliiweka gemu kwenye orodha ya anazozitaka, nikamwonyesha barua pepe ya punguzo itakapoingilia. Jana amenipigia kuuliza kama imeingia. Bado.