Filamu Bubu ya Dreyer Katika Ukumbi wa Dodoma
Katika ukumbi mdogo wa Area C, Dodoma, ambako projekta ni nzuri kuliko viti, tulioneshwa Du skal ære din hustru (yaani 'Umheshimu mkeo'), filamu bubu ya Denmark iliyoongozwa na Carl Theodor Dreyer mwaka 1925. Viktor anamnyanyasa mkewe Ida hadi Mads, yaya mzee aliyemlea Viktor, anapomtia adabu mume huyo kwa ukali ambao bibi yeyote wa Kigogo angeutambua mara moja. Dreyer alijenga studioni nyumba kamili yenye maji na gesi, na ndani yake kuanika nguo au kupaka siagi kwenye mkate kunaeleza ndoa hiyo kuliko maandishi yoyote ya kwenye skrini. Mafanikio ya filamu hii Ufaransa yalimfungulia Dreyer njia ya kutengeneza filamu ya Jeanne d'Arc, shujaa wa kike wa Ufaransa, iliyotoka 1928. Kiingilio kilistahili, ingawa muziki ulipigwa kwa sauti ya juu mno.