BMW ya 1975, platini na kisanduku kidogo: uzoefu wangu hapa Arua

Pikipiki yangu ni BMW R60/6 ya 1975, niliyoachiwa na mjomba. Vijana wa boda hapa Arua wakiona silinda zake zimechomoza huku na huku, huuliza kama nimepanda jenereta. Mwendo inao bado. Kilichonichosha ni moto, yaani mfumo wa kutoa cheche kwenye plagi. Platini, zile ncha mbili zinazofunguka na kufunga ili kukata umeme wa koili, zilikuwa zinaungua, nikawa nazipiga msasa kila mara, na kondensa (kikopo cha kuzilinda zisiungue) mpya za siku hizi ni bahati nasibu: moja niliyonunua Kampala ilikufa kabla sijafika Karuma.

Fundi wangu alitaka tufunge CDI, kile kisanduku cha moto cha pikipiki za Bajaj. Nikamwambia, "Kaka, hiyo haiwezi." CDI hujaza kondensa yake umeme wa volti mia kadhaa, kisha huumwaga kwa mpigo mmoja kwenye koili iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. BMW hii ina koili mbili za volti 6 zilizofuatana, na cheche hutoka pale mkondo unapokatwa. Ni kazi mbili tofauti, hata kama visanduku vinafanana kwa macho.

Kuna vifaa vinavyoondoa platini pamoja na vile vyuma vya kusogeza taimingi (wakati wa cheche) kadiri mbio zinavyoongezeka, sanduku likapiga hesabu zote lenyewe. Injini hutulia vizuri sana, sikatai. Lakini baadhi yake hutaka betri yenye nguvu, na BMW za zamani huchaji kidogo injini ikizunguka polepole. Rafiki yangu wa Koboko alifunga cha namna hiyo akiwa na betri iliyochoka. Asubuhi moja sanduku lilikosea wakati wa cheche, kiki ikamrudishia teke, akachechemea wiki nzima. Kifaa cha kampuni ya Dyna chenyewe hutumia sumaku na sensa, na huacha vyuma vya taimingi mahali pake. Hicho nilikaribia kukichukua. Ila sensa ikifa Pakwach usiku, nani ataniuzia nyingine?

Nikachagua kisanduku cha transista kinachoziacha platini zifanye kazi ya swichi tu. Mkondo mzito wa koili unapita ndani ya kisanduku, platini zinapitisha kidogo mno, kwa hiyo haziungui. Kondensa inatolewa. Kinachobaki kulika ni kile kisigino cha platini kinachosuguana na kamu, nacho nakipaka grisi kiasi cha kichwa cha njiti.

Kufunga kulichukua mchana mmoja, na nusu ya muda huo ilikuwa kubishana. Ukifungua kifuniko cha mbele cha pikipiki hizi, chomoa kwanza waya wa hasi wa betri. Kifuniko kikigusa nyaya za daiodi zilizo nyuma yake, utaona cheche usiyoitaka. Platini niliziweka milimita 0.4, kisha nikatazama alama za S (cheche injini ikizunguka polepole) na F (cheche iliyosogezwa mbele hadi mwisho) kwenye tundu la flaiwili kwa taa ya taimingi. Na ukipima cheche, hakikisha plagi imegusa silinda. Plagi ikining'inia hewani, kisanduku kinaweza kufa hapo hapo.

Sasa huu ni mwezi wa tano tangu nikifunge. Asubuhi inawaka mara ya kwanza, haikohoi tena nikipanda mlima na abiria, na msasa sijaugusa. Petroli inakunywa ileile. Nguvu ni ileile pia. Anayekuambia kifaa hiki kinaongeza mbio, mwulize kama ana duka.

Lawama ninazo mbili. Maelezo yalikuja kwa Kijerumani tu, mpwa wangu akahangaika kuyatafsiri kwa simu. Tena kisanduku kinapata joto chini ya tangi, ikabidi nikikatie kipande cha bati la alumini na kukifunga kwenye fremu.

Nilijaribu nyumbani kurudisha moto wa zamani: nyaya mbili na kondensa moja, bisibisi tu, hata chai haikupoa. Kondensa ya mjomba, ile ya asili, iko chini ya kiti ndani ya mfuko wa nailoni.